Serikali Ilipokuwa Mdhamini: Historia ya Mikopo ya Nyumba za Wazee Marekani



Waliokizoea kijarida hiki wanajua kwamba kurasa za historia huwa ni za nyumbani. Tumekwisha kuandika habari za ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu ya kukinga maji ya kumwagilia, na za msaragambo uliochonga barabara za milimani kule Usangi na Ugweno. Mwaka huu kamati imetuomba tuandike historia ya Marekani, na sababu yake haijifichi. Karibu kila anayeusoma ukurasa huu ana dada, shemeji, mjomba au mtoto anayelea wazee ugenini. Zamani tulisema wamekwenda kubeba boksi. Siku hizi wengi hawabebi boksi, wanabeba wazee: kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda bafuni, usiku kucha. Miongoni mwao wapo waliochoka kufanya kazi hiyo katika nyumba ya mtu mwingine, sasa wanataka kufungua ya kwao. Wakifika benki wanasikia maneno matamu: upo mkopo ambao serikali inaudhamini.

Maneno hayo yameleta maswali mengi mikutanoni, na mwaka huu yameleta ombi rasmi, kwamba chama nacho kianzishe mfuko wa kudhamini wanachama wanaofungua nyumba za wazee. Kabla hatujafungua mikoba yetu, inafaa tujue mdhamini huyu mkubwa wa Marekani alianzaje, alidhamini nini, na nini kilimpata.

Mjane mwenye vyumba viwili vya ziada

Kabla ya 1935, Mmarekani mzee asiye na akiba wala mtoto wa kumtunza aliishia katika nyumba ya maskini ya wilaya. Humo waliwekwa pamoja wazee, vilema, wagonjwa wa akili na yeyote asiye na pa kwenda. Kuishia huko ilikuwa aibu kwa mtu na kwa ukoo wake.

Tarehe 14 Agosti 1935 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Wengi wetu tunaifahamu kwa pensheni, kwa sababu tunaiona ikikatwa kwenye mishahara. Lakini sheria hiyo ilikuwa na sehemu nyingine, ya msaada kwa wazee maskini: jimbo likimlipa mzee hadi dola 30 kwa mwezi, serikali kuu inalirudishia jimbo nusu. Sehemu hiyo ilikuwa na sharti moja, kwamba fedha hizo asipewe mzee anayeishi katika taasisi ya umma. Waliolitunga walikusudia kuziua nyumba za maskini, na kwa kiasi kikubwa walifaulu.

Ila mzee aliyetoka nyumba ya maskini na dola zake mkononi bado alihitaji mahali pa kulala na mtu wa kumpa uji. Waliompokea walikuwa wajane wenye vyumba viwili vya ziada, wauguzi wasio na ajira, mke na mume waliopoteza kazi wakati uchumi ulipoanguka. Mwenye nyumba aliweka vitanda vinne au vitano, akapika chungu kimoja kikubwa, akachukua dola za kila mzee mwisho wa mwezi. Hakukuwa na leseni katika majimbo mengi wala mkaguzi. Hiyo ndiyo mbegu ya biashara kubwa ya nyumba za wazee tunayoiona leo. Tunalitaja hili kwa makusudi, maana tumewasikia vijana wetu wakiona haya kusema mama yao ana nyumba ya vitanda sita, kana kwamba ni kibanda cha wahamiaji. Wenyeji wenyewe walianzia hapo hapo.

Mama huyo mwenye nyumba alikuwa na tatizo ambalo wanachama wetu wanalijua vizuri. Alitaka kuongeza chumba, kuweka ngazi ya pili ya kutokea, kununua vitanda vya hospitali, na benki haikumtaka. Jengo lake lilikuwa la ajabu machoni pa benki: vyoo vingi, sebule ndogo. Mapato yake yalitegemea jimbo litalipa kiasi gani kwa mzee mmoja. Akishindwa kulipa, benki itamwuzia nani nyumba kama hiyo?

Mwaka 1946 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusaidia ujenzi wa hospitali, iliyojulikana kwa majina ya maseneta wawili, Hill na Burton. Mwaka 1954 ikapanuliwa ifike na kwenye nyumba za uuguzi wa wazee, lakini ruzuku ilikuwa ya mashirika ya umma na yale yasiyotafuta faida. Mama mwenye nyumba alibaki nje.

Idara ya biashara ndogo

Tarehe 30 Julai 1953, Rais Dwight Eisenhower alitia sahihi sheria iliyounda idara ya kusaidia biashara ndogo. Kwa kifupi wanaiita SBA, nasi tutaiita hivyo. Ilirithi sehemu ya kazi ya shirika la mikopo lililoanzishwa 1932 kuokoa mabenki na makampuni. Katika miaka yake ya mwanzo SBA ilikuwa inatoa mikopo yenyewe, au kwa kushirikiana na benki. Polepole, katika miongo iliyofuata, iliacha kutoa fedha mkononi ikabaki kuwa mdhamini: benki inatoa, serikali inasimama nyuma ya benki.

Wenye nyumba za wazee za binafsi walikuwa na chama chao cha taifa tangu 1949, na chama hicho hakikulala. Kiligonga milango ya Washington kikisema: hospitali za mashirika mmezisaidia, sisi tunaolaza wazee wengi zaidi mmetuacha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 milango ilifunguka. SBA ilianza kukopesha nyumba za wazee za watu binafsi, na mwaka 1959 sheria ya nyumba ikaongezewa kifungu namba 232, ambacho kwacho serikali iliweka bima ya rehani za nyumba za uuguzi. Kifungu hicho kipo hadi leo. Ndicho kinachotumiwa na makampuni makubwa, wakati SBA imebaki kuwa mlango wa wadogo.

Hapa ndipo historia inapotufundisha jambo ambalo mkopaji haambiwi kwenye dirisha la benki. Serikali ilikuwa mdhamini wa majengo kabla haijawa mkaguzi wa wanaolala ndani yake. Ni kweli kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 1950 majimbo yalitakiwa yawe na mamlaka ya kutoa leseni na kuweka viwango. Lakini viwango vilikuwa tofauti kila jimbo, wakaguzi walikuwa wachache, na jimbo lenye vitanda vichache liliogopa kufunga nyumba mbovu kwa sababu wazee wangelala wapi?

Tarehe 17 Februari 1957 nyumba ya wazee iliungua mjini Warrenton, Missouri. Walikufa watu 72. Tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya kuuawa kwa Rais Kennedy, iliungua nyingine Fitchville, Ohio. Walikufa wazee 63. Taifa lilikuwa msibani kwa ajili ya rais wake, na habari ya Fitchville ikapita chini ya kelele za habari ile kubwa. Hatusemi kwamba nyumba hizo mbili zilijengwa kwa mkopo wa serikali. Tunasema kwamba katika miaka ile ile ambayo serikali ilikuwa ikitafuta namna ya kuongeza vitanda, wazee walikuwa wakifa katika vitanda vilivyokuwepo.

Kisha fedha zikaja kwa kishindo. Tarehe 30 Julai 1965, miaka kumi na miwili kamili tangu SBA izaliwe, Rais Lyndon Johnson alikwenda hadi mji wa Independence, Missouri, akatia sahihi sheria ya Medicare na Medicaid mbele ya rais mstaafu Harry Truman. Medicaid ndiyo iliyobadilisha kila kitu kwa nyumba za wazee. Sasa palikuwa na mlipaji wa uhakika wa kila mwezi kwa mzee maskini, na benki zilizokuwa zikinuna zikaanza kutabasamu. Nyumba ziliongezeka, makampuni yakaingia, hisa zikauzwa sokoni. Wapo waliogundua kwamba faida kubwa haimo katika kulea bali katika kuuza na kununua majengo, kila mauzo yakiongeza gharama ambazo serikali ingelipa.

Mwaka 1967 Bunge liliweka masharti ya usalama wa moto kwa nyumba zinazolipwa na Medicaid. Seneta Frank Moss wa Utah aliongoza kamati ndogo iliyofanya vikao mwaka baada ya mwaka kusikiliza habari za wazee waliofungwa vitandani, waliopewa dawa za usingizi ili wasisumbue, walioachwa na vidonda. Mwaka 1974 kamati yake ilitoa ripoti ambayo jina lake lenyewe lilitamka kwamba sera ya umma imeshindwa. Hata hivyo ilichukua miaka kumi na mitatu mingine kupata sheria ya maana.

Sheria hiyo ilipitishwa Desemba 1987. Ilitaja haki za mzee: asifungwe bila sababu ya tiba, awe na mpango wake wa matunzo, nyumba ikaguliwe bila taarifa. Pia ilisema kwamba msaidizi wa muuguzi katika nyumba za uuguzi lazima afunzwe saa zisizopungua 75 na kupimwa. Ndugu wanachama, saa hizo 75 ndizo zilizowaingiza watu wetu katika kazi hii. Cheti kile ambacho dada zetu walikipata ndani ya wiki chache baada ya kushuka kwenye ndege, kikawapa ajira, kikalipa karo za wadogo zao na mabati ya nyumba za wazazi, kilitokana na vilio vya wazee wa Kimarekani walioteswa kwa miaka thelathini katika nyumba ambazo hakuna aliyezichungulia. Majimbo mengine yameongeza saa, lakini chanzo ni hicho.

Nyumba ndogo zinarudi

Mabadiliko mengine yalianzia pwani ya magharibi. Mwaka 1981 Bunge liliruhusu fedha za Medicaid zitumike kumtunza mtu nje ya nyumba za uuguzi, na Oregon likawa jimbo la kwanza kupata ruhusa hiyo. Huko huko Oregon mwanamama mmoja, Keren Brown Wilson, ambaye mama yake alipata kiharusi akiwa bado mtu mzima wa makamo na kuishia katika nyumba za uuguzi, alifungua makao ya aina mpya mjini Portland mwaka 1983. Mzee alikuwa na chumba chake, mlango wenye kufuli yake, jiko lake dogo, na msaada alipouhitaji. Benki na maafisa walidhani ni wazimu. Leo makao ya namna hiyo yako kila jimbo.

Pamoja nayo zikashamiri zile nyumba ndogo za mtaani: California zenye wazee hadi sita, Oregon hadi watano, Washington kwa kawaida hadi sita. Kwa nje huwezi kuitofautisha nyumba hiyo na ya jirani, isipokuwa labda njia ya kiti cha magurudumu mlangoni. Ukipita katika vitongoji vya Seattle utawakuta wenye nyumba hizo wametoka Ufilipino, Romania, Ethiopia, Kenya, na sasa kwetu. Mjane wa mwaka 1936 amerudi, ila safari hii anazungumza kwa lafudhi ya Same.

Basi mkopo wenyewe ukoje leo? Tutaueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Mkopo mkuu wa SBA unaitwa 7(a). Tangu sheria ya 2010, kiwango chake cha juu ni dola milioni 5. Mkopo usiozidi dola 150,000 hudhaminiwa kwa asilimia 85, na unaozidi hapo kwa asilimia 75. Wa kununua jengo unaweza kulipwa hadi miaka 25. Wa pili unaitwa 504, nao mizizi yake ni sheria ya 1958: benki hutoa nusu, shirika la maendeleo lililoidhinishwa hutoa asilimia 40 kwa dhamana ya serikali, na mkopaji hutoa 10. Ila nyumba ya wazee huhesabiwa kuwa jengo la matumizi maalumu, kwa hiyo mkopaji hutoa 15, na kama biashara yenyewe ni mpya hutoa 20. Tuchukue nyumba ya dola 1,200,000. Mgeni katika biashara anatakiwa aje na dola 240,000 zake. Wengi hawajui hilo mpaka wameshalipia ukaguzi wa nyumba.

Tena serikali haikopeshi mtu anayekusanya kodi ya pango tu. Lazima nyumba iwe inatoa matunzo, na leseni ya jimbo iwepo au iko njiani. Halafu kuna suala la uraia. Tangu 2025 masharti ya nani anaruhusiwa kumiliki biashara inayodhaminiwa na SBA yamekazwa, na yameendelea kubadilika. Mwenye kadi ya kijani, au mwenye ubia na ndugu asiye raia, asitoe hata dola moja ya kianzio kabla hajauliza masharti ya siku hiyo.

Lakini kubwa kuliko yote ni neno lenyewe, dhamana. Kwetu tunalijua kwa namna ya SACCOS. Mdhamini wako ni mtu unayemfahamu, akiba yake inafungwa mpaka umalize deni, na ukikimbia anakatwa yeye. Mtakutana kanisani au msikitini, na macho yenu yatazungumza. Kwa hiyo mtu wetu akisikia serikali ya Marekani ni mdhamini wake, anadhani amepata mjomba tajiri. Sivyo. Serikali inamdhamini kwa benki, kwa faida ya benki. Chukua deni lililobaki la dola 600,000 baada ya kila kitu kuuzwa. Serikali itailipa benki dola 450,000, benki itakula hasara ya 150,000. Je, mkopaji amesamehewa? Hata senti. Kila mwenye asilimia 20 au zaidi ya biashara ametia sahihi dhamana binafsi. Sasa deni ni la serikali, na serikali haina haja ya kutuma dalali kupiga hodi: inazuia marejesho ya kodi, inaweza kukata hadi asilimia 15 ya mshahara bila kwenda mahakamani. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa matanga yanaendeshwa na hazina ya taifa.

Hatuandiki hivi kuwatisha watu. Bila dhamana hii, benki nyingi zisingemtazama mwombaji ambaye mali yake ni cheti cha uuguzi na miaka kumi ya shifti za usiku. Shamba la kahawa la Usangi halimsaidii mtu mbele ya benki ya Seattle. SBA, ambayo serikali ya Reagan ilijaribu kuifuta mwaka 1985 ikashindwa, imewapa nafasi watu ambao hawakuwa na mjomba. Na mwaka 2020, janga la korona lilipozipiga nyumba za wazee kabla ya mahali pengine popote, kuanzia Kirkland, jimbo la Washington, ni kupitia idara hiyo hiyo ambapo nyumba nyingi ndogo zilipata mikopo ya kulipa mishahara, ambayo ilisamehewa ikithibitika imetumika hivyo.

Mfuko wetu

Sasa turudi kwenye ombi. Wanachama kadhaa wanaomba chama kiwe na mfuko wa kuwaongezea kianzio, ule mkono wa asilimia 10, 15 au 20. Sisi tulioandika tunaunga mkono, kwa sharti moja ambalo limeleta ubishi: anayepewa fedha za chama aiwasilishe kwa kamati kila ripoti ya ukaguzi ya jimbo, nzuri na mbaya. Kwa Washington hilo si kumfichua mtu, kwani ripoti za nyumba hizo ziko wazi na yeyote anaweza kuzisoma. Ripoti ikiwa mbaya na isirekebishwe, fedha zirudi.

Wapo wanaosema ndugu hakaguliwi. Tunawauliza, ni lini kwetu ndugu hakukaguliwa? Ndiva haikuwa ya mtu mmoja. Asiyefika kwenye msaragambo wa kuzibua tope alitozwa faini au alipoteza zamu yake ya maji, na hakuna aliyeuliza ni mtoto wa nani. Marekani ilidhamini vitanda bila kutazama walalaji, ikalipa gharama kwa miaka thelathini. Sisi fedha zetu ni kidogo, na jina letu ni moja tu.

Upande wa pili wa mfuko ni nyumbani, na hapa tunasema na walioko Same, Mwanga na Dar es Salaam pia. Tunao wazazi milimani ambao watoto wao wote wako mbali. Tunatuma fedha kwa simu, tunamlipa binti wa jirani awapikie na kuwaogesha. Binti huyo hana hata saa moja kati ya zile 75. Makazi ya serikali, kama yale ya Njoro mjini Moshi, ni ya wazee wasio na ndugu, na hakuna kati yetu anayetaka kumpeleka mama yake huko wala hatakiwi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo, nayo iko sahihi, ila familia yenyewe iko Minnesota.

Nyumbani nako serikali inakopesha biashara ndogo. Sheria iliyorekebishwa 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa sababu fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine vilikuwa vya karatasi tu, kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Wazee hawamo katika mgao huo kama kundi. Lakini hakuna kinachozuia kikundi cha wanawake au vijana kujiandikisha kwa kazi ya kulea wazee majumbani, kikalipwa na sisi tulio mbali, na kukopa halmashauri fedha za vitanda, viti vya magurudumu na pikipiki ya kuzungukia vijiji.

Kinachokosekana ni mafunzo, na hayo tunayo. Wauguzi wasaidizi watano wa kwetu wanaorudi likizo Desemba wamekubali kufundisha wiki mbili kila mmoja: kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumlisha aliyepata kiharusi, kumwogesha mtu mzima bila kumvunjia heshima. Kamati inapendekeza nusu ya makusanyo ya mwaka huu iende kwenye mafunzo hayo na vifaa vyake, na nusu kwenye mfuko wa vianzio. Mkutano mkuu utapiga kura. Fomu ya kuchangia iko ukurasa wa mwisho, na anayetaka mchango wake uende upande mmoja tu aandike upi kwenye mstari wa chini.